Mlima wa Ipogolo si wa Jumamosi ya Kwanza

Kila muhula ukianza, baiskeli zinatolewa chini ya ngazi za hosteli, zinafutwa vumbi, zinajazwa upepo, na tangazo linaanza kuzunguka kwenye magrupu: Jumamosi saa 12 asubuhi, getini, tunakwenda Isimila, wote mnakaribishwa. Muhula uliopita tangazo hilo niliandika mimi. Hilo neno "wote" ndilo linalonifanya niandike makala hii.

Kwa ambao hamjawahi kwenda, Isimila iko kama kilomita 20 kutoka Iringa mjini, njia ya Mbeya. Ndiko kwenye zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo ndefu za udongo ambazo kila mtu anataka kupiga nazo picha. Kwenda na kurudi ni kilomita 40. Sasa tazameni ramani ya mji wetu ilivyo. Mji umekaa juu, Mto Ruaha Mdogo na barabara kuu viko chini kule Ipogolo. Kwa hiyo safari inaanza kwa kuteremka. Unaachia breki kidogo, upepo wa baridi unakupiga usoni, unajiona fundi kabisa. Mlima unaukuta wakati wa kurudi, ukiwa na kilomita karibu 40 miguuni, jua limeshapanda na maji kwenye chupa yamekwisha. Na huwezi kuukwepa, maana kitanda chako kiko juu.

Kwa aliyezoea, huo ndio utamu wa safari, na mimi sikatai, naipenda. Lakini kwa anayeanza, ukiambiwa upange ratiba ya kumkomoa, huwezi kupanga mbaya kuliko hiyo.

Mwenzangu wa chumba alikuwa mwaka wa kwanza, amekulia Lindi. Bumu la kwanza lilipoingia alinunua baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ya gia, bluu, akaifunga kwa minyororo miwili kama vile ni ng'ombe. Jumamosi ile alikwenda vizuri sana. Kule Isimila alicheka, akapiga picha, akala chapati zake mbili. Kurudi, tulipofika Ipogolo, mimi na wenzangu wa mbele tukaunyonga mlima. Ndivyo tulivyozoea, anayeweza anapanda, tunakutana juu. Tulipofika juu tukanywa soda, tukapiga picha ya pamoja, tukaiweka kwenye grupu na maneno "Tumefika wote". Yeye alikuwa chini, misuli ya paja imekaza, amekaa pembeni mwa barabara huku malori ya Tunduma yanapita. Alirudi na bajaji, baiskeli imefungwa juu kwa kamba. Wapo waliocheka. Na mimi, niseme ukweli, nilitabasamu.

Hajapanda baiskeli tena. Mwisho wa muhula aliiuza, kwa hasara. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole tu: "Dada, baiskeli si ya kila mtu." Nilishindwa kumjibu, kwa sababu nilijua kwamba hilo somo tulimfundisha sisi.

Ualimu ndio ninaosomea, na wengi wa wale waliokuwa juu wanasoma ualimu vilevile. Darasani tunaandika kwenye andalio la somo kwamba mwanafunzi anapelekwa kutoka rahisi kwenda gumu. Yule Mrusi, Vygotsky, tumemkariri hadi basi: kuna kazi mtu anaiweza peke yake, kuna anayoiweza akishikwa mkono, na kuna isiyomfaa bado. Swali hilo likitoka kwenye UE tunapata alama zote. Jumamosi inayofuata tunamchukua mtu aliyeshuka kwenye basi wiki tatu zilizopita, tunampa kilomita 40 na mlima mwishoni, halafu akishindwa tunasema hana moyo. Mwezi wa saba tunakwenda BTP. Mwalimu gani anaanza muhula wa Kidato cha Kwanza kwa mtihani wa mwisho, kisha anawacheka waliofeli?

Mimi mwenyewe sikuanza hivyo, na pengine ndiyo sababu bado nipo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na baiskeli mbovu mno kiasi kwamba hakuna aliyenialika popote. Fundi mmoja mzee ndiye aliyenifunza, bila kujua anafunza. Kwanza alinyanyua siti. Alisema kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Mguu ukibaki umekunjwa, goti ndilo litakalolipa. Nilikuwa nikiumwa mbele ya magoti kila nikitoka kuendesha, nikadhani ni udhaifu wangu. Kumbe siti ilikuwa chini na gia niliyoshika ilikuwa nzito muda wote, kwa sababu niliona gia nyepesi ni za wavivu. Pili akaniambia, "Binti, ukipanda mlima uwe unaweza kuongea na mtu. Ukishindwa kuongea, punguza. Ukishindwa kupunguza, shuka."

Nikaanza na kuzunguka eneo la chuo. Kilomita tano, mara tatu kwa wiki, basi. Wiki ya tatu nikafika saba. Sikuongeza kila wiki, na kila baada ya wiki tatu nilikuwa na moja ya kupumzisha miguu, naendesha kidogo tu. Wakati huo ilinikera, maana nilijisikia ninaweza zaidi. Baadaye ndipo nilipoelewa. Moyo na mapafu vinazoea mapema, ndani ya wiki chache unaona pumzi imekuwa nyepesi. Kano na maungio huchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo kuna kipindi kifua kinakuambia twende na goti linakuambia subiri, na vijana wengi wanasikiliza kifua. Wengi wanaoendesha hutumia kipimo cha kuongeza kama moja ya kumi ya umbali kwa wiki. Si sheria ya Musa, lakini kinasaidia kumzuia mtu kutoka kilomita 8 kwenda 40 kwa sababu tu Jumamosi imefika.

Na hapa Iringa kuna jambo la ziada. Mji huu uko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mtu aliyetoka Dar au Lindi juzi, hata ngazi za ukumbi wa mihadhara zinamtoa pumzi siku za mwanzo. Kumwambia mtu huyo "kaza" ni kutomjali.

Mlima niliuanza mbali na safari ndefu, siku ya peke yake. Nadhani hili ndilo kosa letu kubwa: tunaongeza umbali na mlima siku moja. Mimi nilikuwa nateremka hadi Ipogolo, nageuza, naanza kupanda nikiwa bado na nguvu. Nilihesabu nguzo za umeme. Siku ya kwanza nilifika ya nne, nikashuka, nikakokota baiskeli hadi juu. Wiki iliyofuata nikafika ya tano. Kuna wiki nilirudi ya nne, sijui kwa nini, labda ni ule wali wa kafeteria. Nilijifunza kuweka gia nyepesi kabla mlima haujaanza, maana ukisubiri uwe katikati ndipo ubadilishe, cheni inaruka na wewe unasimama. Nilijifunza kukaa kwenye siti badala ya kusimama na kupigana na pedeli. Nilijifunza kunywa maji kabla ya kiu. (Maji, nasema. Kuna kaka mmoja alibeba ulanzi kwenye chupa, habari zake tuziache.) Kufika mwisho wa muhula wa pili nilikuwa nafika juu bila kushuka, na siku ile hakukuwa na mtu wa kunipiga picha. Nililia kidogo, halafu nikaenda kununua vitumbua.

Nimewaeleza wenzangu haya na nimepata majibu mawili. La kwanza: mbona wale wanaobeba mkaa kwa baiskeli wanapanda tu, magunia mawili, na hakuna aliyewaandalia ratiba? Nawaomba mara nyingine mkiwa barabarani mwatazame vizuri. Mwenye mkaa akifika mwinuko anashuka. Anakokota, anasimama, anapumua, anaendelea. Hana haya, kwa sababu yuko kazini na anajua mwili wake ndio mtaji. Na hakuanza na magunia mawili. Wengi wao wapo kwenye baiskeli tangu wana umri wa miguu kutofika chini. Ratiba wanayo, ni ya miaka kumi. Sisi ndio tumeamua kwamba kushuka kwenye baiskeli ni aibu, sisi ambao tunaendesha kwa kujifurahisha na hakuna anayetusubiri na pesa ya gunia.

Jibu la pili lina uzito zaidi na sitalipuuza. Wanasema Jumamosi ni moja, muda ni mdogo, tukianza kubembelezana hatutafika popote, na safari ya Isimila itapoteza ladha. Ni kweli. Ukiwa na mtu mgeni huwezi kwenda kasi unayotaka, na mimi kuna asubuhi natamani kuunyonga mlima tu bila kumgeukia mtu. Lakini si lazima iwe safari moja. Wazoefu waende Isimila wakitaka, watangaze wazi kwamba ni kilomita 40 na mlima mwishoni, wasiandike "wote". Wageni wawe na safari yao ya kilomita sita wiki za kwanza, waongozwe na mzoefu mmoja kwa zamu. Zamu yenyewe ni mara moja kwa mwezi, haimmalizi mtu. Baada ya wiki sita au nane waende Kalenga kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, kama kilomita 15, wapumzike vya kutosha kabla ya kurudi. Mlima wa Ipogolo wauanze kwa nguzo, siku nyingine, mapema kabla malori hayajawa mengi, wakikaa pembeni kabisa mwa lami. Isimila iwe mwisho wa muhula. Na safari yoyote ile, mzoefu mmoja abaki nyuma na wa mwisho. Hilo halihitaji ratiba wala kikao.

Na picha ipigwe wa mwisho akishafika. Najua ni jambo dogo, lakini ile picha yetu bado ipo kwenye grupu, na yeye bado yupo kwenye grupu.

Pendekezo hili nimeliandika na nitalileta kwenye kikao cha waendesha baiskeli kabla ya usajili wa mwaka wa kwanza. Wakilikataa, kilomita sita za Jumamosi nitaziendesha hata nikiwa na mtu mmoja. Nimeshaazima baiskeli ya pili kwa binamu yangu, ya gia, siti inapanda na kushuka, pancha moja nimeziba mwenyewe. Nimemwambia mwenzangu wa chumba kwamba tutazunguka chuo tu, mlima hatuugusi. Amesema atafikiria.