Wazee Wanaojenga Reli Mezani

Ndugu msomaji, usishangae kukuta garimoshi katika ukurasa wa afya. Mwezi huu hatusemi juu ya malaria wala shinikizo la damu, bali juu ya watu wazima wa Ulaya na Marekani, wengi wao wastaafu, ambao hujenga reli ndogo juu ya meza: stesheni, madaraja, milima, vijiji na watu wake, vyote vikiwa vimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Wapo wanaowacheka na kusema kwamba ni wazee waliorudia utoto. Sisi tunaona kinyume. Watu hao wamepata njia nzuri ya kutunza akili, mikono na urafiki baada ya kazi ya mshahara kwisha. Tena faida hiyo haitoki katika treni yenyewe. Inatoka katika kuijenga polepole, pamoja na wengine.

Kipimo kinachopendwa zaidi Ujerumani na Marekani ni 1 kwa 87, yaani kila kitu hupunguzwa mara 87. Waingereza wengi hutumia 1 kwa 76. Mtu mwenye kimo cha mita 1.75 huwa na milimita 20 tu katika kipimo cha kwanza, na 23 katika cha pili. Mwaka 1972 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilitoa treni za 1 kwa 220, ambamo mtu huyo huyo ana milimita 8, sawa na punje ya mahindi. Fikiri basi mzee wa miaka 70 anayempaka punje hiyo rangi ya koti na kofia.

Kazi yenyewe huanza kwa meza ya mbao iliyonyooka, kwani meza ikipinda treni huacha njia. Kisha reli hulazwa, na nyaya huunganishwa chini ya meza. Injini nyingi hutumia umeme wa volti 12 unaopita katika reli zenyewe. Mgeni hudhani kazi imekwisha hapo, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kokoto za kati ya mataruma humwagwa kwa kijiko na kupangwa kwa brashi. Halafu hudondoshewa gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo, ili ipenye bila kuzisukuma. Miti hutengenezwa kwa waya uliosokotwa. Behewa jipya linalong'aa hupakwa rangi ya kutu na masizi, maana behewa la kweli halikai safi. Mita moja ya reli yaweza kumaliza jioni nzima, na mwenyewe akaenda kulala akiwa na furaha.

Je, mwili unapata nini? Vidole hufanya kazi ndogo ndogo kila siku. Akili hupiga hesabu za vipimo na za umeme. Mtu husoma historia ya stesheni anayotaka kuijenga, hutoka kwenda kuipima na kuipiga picha, huuliza watu. Anaamka asubuhi akijua jambo lililobaki jana. Hatusemi kwamba kazi hii huzuia ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, wala kwamba huponya baridi yabisi. Na mgonjwa wa sonona asiachishwe dawa ili apewe treni. Lakini wauguzi wengi wanamjua mzee aliyestaafu akiwa mzima, akakaa kitini bila jambo la kufanya, na baada ya miaka miwili hawezi hata kupanda ngazi. Mzee huyo alihitaji kazi isiyokwisha.

Kazi isiyokwisha ndiyo hasa tunayoisifu. Katika kijiji cha Long Wittenham, Uingereza, kuna makumbusho yaitwayo Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954 na Roye England, mtu aliyetoka Australia. Alihuzunika kuona nyumba za zamani za mashambani zikiharibiwa, akaamua kuzihifadhi kwa kutengeneza mfano wa bonde zima kama lilivyokuwa katika miaka ya 1920 na 1930. Huko vigae vya paa hutengenezwa kimoja kimoja kwa karatasi, na nyumba moja huweza kuchukua miezi mingi. Mwanzilishi alifariki mwaka 1995 na bonde halijakamilika. Watu wa kujitolea waliendelea na kazi. Kwa mfanyabiashara hiyo ni hasara tupu, lakini kwa afya ya waliokuwa na sababu ya kutoka nyumbani kila wiki, hatuoni hasara yoyote.

Yupo pia Peter Denny, kasisi wa Kianglikana, aliyeanza kujenga reli ya mji wa Buckingham muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili akaendelea nayo kwa zaidi ya miaka 50. Reli hiyo haikuweza kuendeshwa na mtu mmoja, kwa maana kila stesheni ilihitaji mwendeshaji wake, na mwanawe alikuwa msaidizi. Mtoto alipokua na kuwa na shughuli zake, baba alitengeneza mashine ya kushika nafasi yake katika stesheni moja, akaipa jina la mwanawe. Tunaustaajabia ufundi huo. Hata hivyo mashine haikuulizi kama umelala vizuri.

Hapo ndipo tunapotaka wasomaji waangalie zaidi. Mwaka 1910 wapenzi wa reli ndogo wa London waliunda chama chao, na tangu hapo vyama vimeenea nchi nyingi. California, katika miaka ya 1970, walibuni mpango mzuri. Kila mwanachama hujenga kipande chake nyumbani kwa ncha zenye vipimo vilivyokubaliwa, kisha siku ya maonyesho vipande vyote huungwa na treni ikavipitia vyote. Ukikosea kipimo, treni ya jirani haipiti. Wanaume wengi hawawezi kukaa wakitazamana na kuelezana shida zao. Wakiwa wameinama pamoja juu ya waya uliokatika, wataambizana habari za kibofu, za usingizi, na za mke aliyefariki. Mwezi Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia upweke, likiuhesabu kuwa jambo la afya kama mengine. Mafundi hawa walikuwa wameanza kuushughulikia bila kuuita hivyo.

Thamani ya kazi hii ilionekana kwa uchungu mwezi Mei 2019 huko Stamford, Uingereza. Usiku wa kuamkia maonyesho, vijana waliingia ukumbini wakavunja na kukanyaga reli za mfano zilizokwisha kupangwa. Kazi ya miaka mingi ilikuwa sakafuni asubuhi. Chama kiliwaomba wananchi pauni 500. Zilipatikana zaidi ya 100,000. Mwimbaji Rod Stewart, ambaye naye alitumia zaidi ya miaka 20 kujenga mji na reli yake, alitoa pauni 10,000. Nadhani watu walielewa kwamba hazikuvunjwa plastiki na mbao tu.

Hatuwasifu wote, lakini. Mwenye fedha anayenunua kila kitu kikiwa tayari na kukipanga kwa siku moja amenunua pambo, na baada ya mwezi litashika vumbi. Na mume anayejifungia darini kila jioni mpaka usiku wa manane, mkewe akila peke yake, amejitengenezea upweke mpya na kuupelekea mwingine. Kazi ya mikono iliyo nzuri humrudisha mtu mezani kwa familia akiwa na la kusimulia.

Sasa tuje kwenye hatari, maana mafundi wengi huzichukulia kwa wepesi mno. Vipuri vya madini meupe laini mara nyingi vina risasi, na hata waya wa kulehemia waweza kuwa nayo. Vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto zaidi ya wa mtu mzima. Kwa hiyo meza ya kazi isiwe meza ya kulia chakula, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumbeba mjukuu. Moshi wa kulehemu huamsha pumu. Hali kadhalika rangi za kupulizia, gundi za plastiki, na povu gumu jeupe linapokatwa kwa waya wa moto. Fungua madirisha, vaa kinyago kinachofaa, na mwenye pumu atafute njia nyingine. Kisu kielekezwe mbali na mwili, tena kiwe kikali, kwani kisu butu hulazimisha nguvu na huteleza.

Gundi inayonata papo hapo ikigandisha vidole, usivivute kwa nguvu, ngozi itachunika. Loweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha vizungushe taratibu mpaka viachane. Ikiingia jichoni, osha kwa maji ya uvuguvugu na kwenda hospitali. Usijaribu kufumbua kope kwa nguvu.

Kubwa kuliko yote ni vitu vidogo mbele ya watoto. Betri za duara zifananazo na vifungo, zinazotumika katika taa na vidude vingi, mtoto akimeza huweza kuchoma umio katika muda wa saa mbili. Usimtapishe, usingoje kuona kama itatoka, mpeleke hospitali mara moja. Sumaku ndogo nazo zikimezwa mbili au zaidi huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Wazazi, hata kama nyumbani kwenu hakuna treni, vitu hivi vimo katika saa, katika rimoti na katika vichezeo vya sokoni.

Mtoto asifukuzwe mezani kwa sababu hiyo, bali akaribishwe akiwa na mtu mzima, hasa mtoto mgonjwa au mwenye ulemavu. Wilbert Awdry, kasisi mwingine wa Kianglikana na fundi wa reli ndogo, alimsimulia mwanawe hadithi za injini zenye nyuso wakati kijana huyo alipolazwa kitandani kwa surua, siku za Vita Kuu ya Pili. Baadaye alimchongea injini ya mbao. Kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1945, na injini yake Thomas inajulikana dunia nzima. (Chanjo ya surua ilipatikana mwaka 1963, tafadhali, usimkoseshe mwanao.) Huko Marekani, mwimbaji Neil Young alikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kushika swichi za kawaida. Alitafuta mafundi, wakamtengenezea chombo chenye kitufe kikubwa ili mtoto aiendeshe treni mwenyewe. Kutokana na kazi hiyo Young akawa mmoja wa wenye hisa wa kampuni ya treni ya Lionel mwaka 1995.

Huenda msomaji akauliza, nani kwetu ana fedha za mambo hayo? Kwa treni za dukani, wachache. Lakini katika parokia zilizo kando ya reli bado wapo mababu waliofanya kazi katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki kabla halijavunjika mwaka 1977. Wanakumbuka zile injini kubwa 34 za Garratt, zilizojengwa Manchester mwaka 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima yetu. Mojawapo, yenye jina la Mlima Gelai, imehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ina urefu wa karibu mita 32. Katika kipimo cha 1 kwa 87 itakuwa na zaidi kidogo ya sentimita 36, na reli yake ya mita moja itakuwa na upana wa milimita 11 na nusu. Boksi tupu, mkasi, rula, gundi ya unga na mjukuu wa kushika rula vinatosha kuanzia behewa la kwanza, na babu atalazimika kueleza lilikuwa linabeba nini.