Tawakali si Pata-Potea

Wasomaji wengi wa pande zetu wanaujua ule mchezo wa karata tatu uitwao pata-potea. Mwenye karata huzigeuza-geuza juu ya kipande cha boksi, naye mpita njia huotea iliko moja, akaacha hapo nauli yake. Leo sitauzungumza mchezo huo hasa, bali jambo linalopakana nao, ambalo limezua mjadala barazani petu huku Changamwe, hata nikatakiwa nitoe kauli yangu.

Baada ya sala ya alasiri sisi huketi watu wanne tukacheza wahedu-sitini, bila ya hata senti moja. Mmoja wetu ni Mkristo, mzee wa hirimu yangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika kile kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa hapa mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Ni jirani mwema, tumezikana na tumeozeana. Jumatatu moja alikuja na habari kwamba mhubiri mmoja mgeni amewahubiria kwa mfano wa poka.

Poka, kwa asiyeijua, ni karata ya Wamarekani ichezwayo katika makasino. Kila mtu huficha karata zake, na kila zamu ama huongeza fedha katikati ya meza ama hujitoa. Mwenye karata mbovu aweza kushinda kwa kukaza uso tu, mpaka wenzake wakaingiwa na hofu. Basi mhubiri yule akasema kwamba Mungu hukupa karata usizozichagua, kazi yako ni kuzicheza vyema. Akasema mtu awe na subira, ajue wakati wa kujitoa, na ikifika saa ya imani asukume kila alicho nacho katikati ya meza, asibakishe kitu.

“Je, mzee mwenzangu, si mafundisho mazuri hayo?” jirani akaniuliza.

Mwenzetu mmoja akaitupa karata yake kwa hasira. “Dini na kamari zimekutana wapi?”

Mimi sikuifuata hasira hiyo. Wenzetu Wakristo hawakuanza leo kutafuta mawaidha ndani ya karata. Kiko kisa cha zamani cha askari aliyekutwa na karata kanisani, ambacho Mmarekani T. Texas Tyler alikitia katika santuri mwaka 1948. Askari yule alijitetea kwamba ree humkumbusha Mungu Mmoja, karata ya tatu humkumbusha Utatu wanaouamini wao, na karata zote 52 ni majuma ya mwaka.

Wala sisi hatuwezi kusema karata ni ngeni kwetu. Neno karata lenyewe ni la Wareno, na turufu, kopa, uru, shupaza na pau ni yao vilevile. Walijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, wakatolewa mwaka 1698, lakini maneno yao tumebaki nayo mikononi. Katika wahedu-sitini ree huhesabiwa 11, saba 10, kisha mzungu wa nne, mzungu wa tatu na mzungu wa pili, ambao majina yao ndiyo hesabu zao. Kila aina ina 30, zote pamoja ni 120, na anayefikisha 61 ndiye mshindi. Ndiyo maana ya jina la mchezo.

Wako wanazuoni wetu wasioipenda karata hata isiyo na fedha, kwa kuwa hula wakati na humchelewesha mtu na sala. Siwapingi. Adhana ya magharibi ikilia, sisi huziweka chini hata kama ree iko mkononi. Na nakiri kwamba mhubiri yule hakukosea kote. Ni kweli mtu hapewi alichokichagua. Mmoja huzaliwa na mali, mwingine na maradhi, na kila mmoja ataulizwa alivyofanya kwa kile alichopewa. Mwislamu hawezi kukataa neno hilo.

Ninapoachana naye ni pale mezani. Zile 120 zetu si za mtu, na mchezo ukiisha zinarudi katika kasha. Sisi huondoka na tulichokuja nacho, ila aliyeshindwa atachekwa mpaka kesho. Lakini katika poka, fungu lililo katikati ya meza limetoka katika mifuko ya waliokaa hapo. Anayeshinda amekula cha mwenzake bila kumwuzia kitu wala kumfanyia kazi.

Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na kamari yao ya mishale. Walichinja ngamia wakagawana mafungu kwa kura, na inapokewa kwamba baadhi yao waliwapa maskini nyama waliyoipata. Juu ya hayo ikaharimishwa. Aya ya 219 ya Sura ya Al-Baqara inakiri kwamba kamari ina manufaa kwa watu, lakini inasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Nazo aya za 90 na 91 za Al-Maida zinaeleza sababu, kwamba huleta uadui na chuki na humzuia mtu kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Makampuni ya kamari yanayodhamini mpira na kutoa misaada yaangaliwe kwa mizani hiyo hiyo.

Sasa nitaeleza kwa nini jambo hili limenigusa. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mwendesha bodaboda huko Likoni. Pikipiki aliichukua kwa mkopo wa kulipa kila juma. Siku moja dada yangu aliniita, nikavuka kwa feri, nikaambiwa pikipiki imechukuliwa na wenyewe. Fedha za majuma matatu kijana alizitia katika ule mchezo wa simu wa kindege kinachopaa huku fedha zikiongezeka, mara kikatoweka, na asiyezitoa mapema amezikosa.

“Hukujua kuwa ni haramu?” nikamwuliza.

“Najua, mjomba. Lakini nilikuwa na dhiki, nikatawakali.”

Neno lile liliniuma kuliko ile pikipiki. Bedui mmoja alimwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Hadithi hiyo ameipokea Imamu Tirmidhi. Mpwa wangu alimfungua ngamia, akamfukuza, kisha akasema ametawakali.

Nilipolisimulia hilo barazani, jirani yangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Wangu alipoteza karo ya mdogo wake. Aliniambia amepanda mbegu kwa imani.”

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali lake. Kamari imeingia nyumbani kwake na kwangu, na imeingia ikisema lugha zetu wenyewe, kwake imani na kwangu tawakali. Zamani mtu alilazimika kwenda kasino au kumtafuta mwenye pata-potea njiani. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, na kamari za simu zikaifuata, meza iko mfukoni mwa kila kijana. Mwaka 2019 Serikali ilikataa kuhuisha leseni za makampuni kadhaa makubwa, na mwaka 2025 sheria mpya ya kamari ikachukua mahali pa ile ya 1966. Ni vyema, lakini sheria haifiki chumbani saa nane za usiku. Mawaidha ya mzazi na ya mhubiri ndiyo yanayoweza kufika huko.

Basi kauli yangu ni hii. Anayesimama mimbari yoyote, ya msikiti au ya kanisa, asimwambie kijana kwamba kumwamini Mungu ni kusukuma kila kitu katikati ya meza. Mhubiri alikusudia mema, lakini kijana aliyeketi nyuma na simu mkononi atasikia ruhusa. Amwambie afunge ngamia wake kwanza.

Jirani yangu amesema atamfikishia mhubiri yule salamu hizo. Mimi nami nimewapelekea wetu.