Uzito Usiotokana na Ulafi



Barua tuliyoletewa majuma mawili yaliyopita imeandikwa kwa mwandiko mzuri na machungu mengi. Mwenye kuiandika ni mama wa watoto watatu. Anasema tangu alipovunja ungo miguu yake ilianza kunenepa kuliko kiwiliwili, na kila alipojifungua ilizidi. Amefunga sunna, ameacha wali na mahamri, amekunywa maji ya ndimu na kila unga aliouziwa na watembezaji. Uso umekonda, mabega yamechongoka, lakini miguu iko pale pale. Ikibonyezwa inauma. Akijigonga kidogo kwenye ubavu wa kitanda, damu inavilia. Mumewe amemwita mlafi na mvivu mbele ya mawifi zake, na sasa anataja kuoa mke mwengine. Suali lake ni fupi: je, yeye ni mgonjwa au ni mkosa?

Sisi si matabibu, na maradhi hayapimwi kwa barua. Lakini alama alizozitaja zafanana mno na ugonjwa ambao madaktari huuita lipedema. Si ugonjwa uliozuliwa jana. Mwaka 1940 madaktari wawili wa Mayo Clinic nchini Marekani, Allen na Hines, waliueleza katika maandishi yao, na Shirika la Afya Duniani limeutaja katika toleo la 11 la orodha yake ya maradhi, lililoanza kutumika 2022. Takriban wote wanaoupata ni wanawake, wanaume ni nadra sana. Mafuta hujikusanya chini ya ngozi kuanzia nyonga hadi kwenye vifundo, miguu yote miwili kwa mfano mmoja, na wakati mwengine mikononi pia. Nyayo husalimika, hata huonekana kama mtu amefungwa kikuku juu ya kifundo na unene ukakomea hapo. Mara nyingi huanza wakati wa kubaleghe, wa mimba, au damu ya mwezi inapokatika, na aghalabu hurithiwa. Msomaji mwenye shaka na amtazame mamake, halati zake na nyanya yake.

Hapa kwetu Pwani mguu ukivimba, neno la kwanza kutajwa ni matende. Wazee wana sababu, kwani matende yamewatesa watu wa Kwale, Kilifi, Tana River na Lamu kwa miaka mingi. Lakini hayo huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, huvimbisha na unyayo wenyewe, na mara nyingi mguu mmoja huuzidi mwengine. Madaktari wana kipimo chepesi: huishika kwa vidole viwili ngozi ya juu ya kidole cha pili cha mguu. Katika lipedema ngozi hiyo hukunjika na kuinuka. Uvimbe wa maji ya limfu unapokomaa, haishikiki. Hata hivyo lipedema ya miaka mingi yaweza kuchanganyika na uvimbe huo, basi kipimo na kiachiwe mwenye elimu yake. Akikuambia daktari mmoja "punguza kula" bila ya kuitazama miguu, nenda kwa wa pili, nawe ulitaje jina la ugonjwa kwa ulimi wako.

Mafuta ya lipedema hayaitikii njaa kama mafuta mengine. Ndiyo maana mwenzetu amekonda juu, chini hakukonda. Hatusemi chakula kisiangaliwe. Uzito wa kawaida ukiongezeka juu ya ugonjwa huu, magoti ndiyo yalipayo. Tunasema njaa si tiba, na vidonge vya kukojoza maji havina kazi hapa, kwa kuwa kilichojaa mguuni ni mafuta.

Kinachosaidia ni mambo ya kila siku. La kwanza ni soksi au suruali za kubana zitumiwazo hospitalini, nazo zinunuliwe kwa vipimo vya mguu wako baada ya daktari kuuona, hasa ikiwa una kisukari au mishipa ya damu iliyoziba, kwani kwa hao zaweza kudhuru. Huvaliwa asubuhi, mguu ungali mwepesi na ngozi kavu. Glavu za mpira za kuoshea vyombo husaidia kuivuta bila ya kuichana. Mafuta ya kujipaka yawekwe hadi usiku, soksi ifuliwe kwa mkono, ianikwe kivulini. Wakati wa kaskazi ni mtihani, hatukatai. Dera la pamba juu yake ni bora kuliko kitambaa kisichopitisha hewa.

La pili ni maji. Bahari iko mlangoni petu na wanawake wetu wengi hawaiingii. Maji yakifika kifuani huubeba mwili, na uzito wake huibana miguu pande zote kama ile soksi. Kundi la kina mama wakitoka baada ya Alfajiri, mahali pa stara, wakatembea majini nusu saa bahari imetulia, watapata faraja kubwa. Asiende mtu peke yake.

Na nyumbani kuna mbuzi. Kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamekunjwa na mapaja yamebanwa, ni adhabu kwa mguu huu. Nazi na ikunwe na kijana wa kiume, hakuna sharia iliyomkataza. Mama aketi kitini akikata vitunguu, na akimaliza aiinue miguu juu ya mto. Vilevile kwenye matanga na maulidi, anayeomba kiti badala ya jamvi apewe bila ya kunong'onwa.

Wengi huuliza kuhusu ibada. Kwa kuwa nyayo huwa salama, zipo suruali za kubana zinazokomea kifundoni. Basi mwenye kutawadha aipandishe kidogo, aoshe unyayo pamoja na vifundo viwili, udhu wake umetimia. Ama sala, hadithi ya Imran bin Huswayn iliyopokewa na Bukhari yatosha: Mtume (s.a.w.) alimruhusu mgonjwa kusali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa. Lakini tunaona wengine wanakimbilia kiti tangu takbira ya kwanza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, anayeweza kusimama ila hawezi kusujudu, husimama kisomoni, na kile asichokiweza hukiashiria kwa kichwa, sijda akiiinamia zaidi kuliko rukuu. Kinachoondoka ni kile tu ulichoshindwa.

Kuhusu upasuaji wa kunyonya mafuta, upo, una gharama kubwa, na wengi hubaki wakihitaji soksi baada yake. Kuondoa maumivu na kurejesha mwendo ni matibabu, wala hayaingii katika kubadilisha maumbile kwa ajili ya urembo. Atakayeweza afanyiwe na bingwa anayeujua ugonjwa huu, si kila mwenye bango barabarani.

Imebaki kusema na bwana wa nyumba. Ndugu yetu, Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana, na wanawake wakatajwa mbali wasidharauliane wao kwa wao. Basi wewe na dada zako nyote mmo. Kuoa mke wa pili kuna sharti zake, lakini kukutaja ili kumkata mtu maini kwa maradhi aliyoyarithi si katika sharti hizo. Fuatana naye kwa daktari. Keti uyasikie kwa masikio yako, kisha umnunulie hizo soksi, kwani bei yake si ndogo na matunzo ya mkeo ni juu yako.

Tahadhari moja: mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa moto, au ngozi ikageuka nyekundu pamoja na homa, hiyo si lipedema ya kungoja. Yaweza kuwa damu iliyoganda au maambukizi. Aende hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Masuali ya kupaka maji juu ya soksi kwa msafiri tumeyapokea, nayo tutayajibu toleo lijalo inshaallah. Wabillahi tawfiq.