Uani Usisahauliwe

Serikali yoyote hupimwa kwa barabara ilizojenga, skuli ilizofungua na mabomba ya maji iliyotandaza, na ni haki kuipima hivyo. Lakini iko mizani nyingine ambayo haiandikwi katika ripoti za maofisa wala haisomwi majukwaani, nayo ni uani wa nyumba ya kawaida katika mji mdogo. Anayetaka kujua hali halisi ya maisha ya watu wa Visiwa hivi, twamshauri apige hodi, avuke ukumbi, afike uani, kisha atazame kwa utulivu.

Tuchukue mfano wa Wete, mji wa Pemba unaoteremka kutoka juu ya kilima hadi bandarini. Nyuma ya nyumba nyingi za mji ule mna kipande cha ardhi ambacho mgeni angekipita bila ya kukijali. Humo hukosi mnazi mmoja au miwili, mshelisheli, mpapai uliojiotea wenyewe, mndimu, mbirimbi, shina la pilipili na tuta la mchicha. Kuku hutembea wakichakura. Mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani, na chini ya kamba ya nguo watoto wanacheza kidedea mpaka waitwe na mama yao.

Uani huo una utaratibu wake, ingawa haukuandikwa na bwana mipango yeyote. Nazi moja ikiangushwa asubuhi, tui lake hupikiwa mchuzi wa mchana. Chicha hutupiwa kuku. Kifuu hutiwa jikoni kikawa moto. Na kumbi hukaushwa likangojea siku ya mvua, kuni zitakapokuwa mbichi. Maji yaliyooshewa mchele humwagiwa mchicha. Majivu ya jikoni husugulia sufuria. Shelisheli zikiwiva kwa wingi, nyumba yenye mti huipelekea nyumba isiyo nao, na kwa desturi yetu sahani ya jirani hairejeshwi tupu: itarudi na ndimu tatu, au kipande cha mkate wa kumimina, au samaki wawili aliowaleta kijana kutoka pwani.

Hayo ndiyo tunayoyaita kujitegemea kwa kila siku. Tangu Azimio la Arusha la 1967, neno kujitegemea limesemwa sana katika nchi yetu, mara nyingi kwa sauti kubwa, na wengi wetu tulizoea kulifikiria kwa mifano mikubwa ya viwanda na mashamba. Hapana ubaya kufikiri hivyo. Lakini mama anayechuma mboga hatua kumi kutoka jikoni kwake, asihitaji kutoa hata shilingi moja, naye anajitegemea. Na fedha alizozihifadhi siku hiyo ndizo zitakazonunua daftari la mwanawe. Haba na haba hujaza kibaba, na vibaba vingi vya namna hiyo ndivyo vinavyolisha miji yetu midogo.

Wala manufaa yenyewe hayaishii tumboni. Jua likipungua makali, mkeka hutandikwa. Bibi husuka ukili huku akimfunza mjukuu wake wa kike namna ya kuunganisha miyaa. Binti mwingine anadarizi kofia aliyoahidiwa bei nzuri. Asumini lililochumwa jioni linatungwa kwa ajili ya harusi ya jirani. Mbele ya nyumba, barazani, wazee wamekaa kwa kahawa na kashata, bao linachezwa, na hadithi ya mwaka jana inasimuliwa upya kana kwamba ilitokea jana. Mtoto aliyekaa kimya pembeni anajifunza lugha, adabu na nasaba yake bila ya kujua kwamba yumo darasani. Starehe hizi hazina tiketi wala kiingilio. Mwenye nacho na asiye nacho huketi baraza moja, na hilo pekee ni jambo la kutunzwa.

Huenda msomaji akasema kuwa tunasifu mambo ya kale kwa sababu tu ni ya kale. Hivyo sivyo. Historia ya karibu imetufundisha kwa vitendo. Watu wazima wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1970 na ile ya mwanzo ya 1980, vyakula vya madukani vilipokuwa haba na foleni zikawa ndefu. Waliokuwa na muhogo, ndizi na shelisheli walilala wameshiba. Na kwa vijana ambao hawakuiona miaka hiyo, tutaje ya juzi tu. Mwezi Mei 2008 kisiwa cha Unguja kilikosa umeme kwa muda wa karibu mwezi mzima baada ya hitilafu katika njia ya umeme utokao Bara. Mwezi Desemba 2009 umeme ukakatika tena, safari hii kwa miezi mitatu hivi, hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, mabomba yakakauka, friji zikawa makabati. Siku hizo thamani ya kisima cha zamani, ambacho wengine walikuwa wamekwisha kukifukia, ilijulikana na kila mtu. Nyumba yenye kisima uani ilikuwa nyumba ya mtaa mzima.

Halafu ukaja mwaka 2020. Maradhi ya korona yalisimamisha safari za ndege duniani, wageni wakatoweka na hoteli nyingi za pwani zikafunga milango. Vijana waliokuwa wakifanya kazi huko walirejea kwa wazee wao mijini na vijijini. Walipokelewa na nani? Walipokelewa na nyumba zenye uani, mahali ambapo mdomo mmoja ukiongezeka, sufuria huongezewa maji na muhogo, na maisha yakaendelea. Bima ya namna hiyo haina ofisi wala fomu, lakini ililipa madai yake bila ya kuchelewa.

Sasa basi, kwa nini tunayaandika haya leo? Tunayaandika kwa sababu uani unatoweka, na unatoweka polepole kiasi ambacho hakuna anayepiga kelele. Sensa ya 1978 iliwahesabu watu 476,111 katika Zanzibar nzima. Sensa ya 2022 iliwahesabu 1,889,773. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Watoto wanne wakirithi kiwanja kimoja, kila mmoja hutaka chumba chake, na chumba cha kwanza kujengwa hujengwa uani. Mnazi hukatwa, mshelisheli hung'olewa, saruji humwagwa hadi ukutani kwa jirani. Mwaka ukipita, familia iliyokuwa ikichuma ndimu inanunua ndimu. Iliyokuwa ikifuga kuku inanunua kuku wa kugandishwa aliyevushwa bahari kutoka nchi za mbali. Na mchele, ambao tayari sehemu yake kubwa hutoka nje, ndio unabaki kuwa tegemeo la pekee. Wahenga walitwambia kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sijui wangesemaje juu ya mtegemea cha asiyekuwa nduguye; sisi twaona kwamba umaskini wake utamfika mapema zaidi.

Tunafahamu vyema kwamba Serikali haiwezi kumpa kila mwananchi uani. Visiwa ni vidogo, na miji ikitapanyika ovyo itameza mashamba ya mikarafuu na mabonde ya mpunga, na hapo tutakuwa tumeokoa mchicha tukapoteza chakula. Kujenga kwenda juu ni jambo la lazima. Wala halikuanza leo: majumba ya maendeleo ya Michenzani, na yale ya Wete, Chake Chake na Mkoani, yaliwapa watu wengi makazi bora ambayo wazee wao hawakuyapata kuyaota. Hatumlaumu aliyejenga ghorofa. Tunachouliza ni hiki: baina ya ghorofa na ghorofa mwaweka nini? Ikiwa ni maegesho ya magari tu, basi tumeijengea familia vyumba tukaisahau familia yenyewe.

Kwa hiyo tunayo machache ya kuwaomba waheshimiwa wenye dhamana ya ardhi, mipango miji na mabaraza ya miji. Kwanza, viwanja vinapopimwa katika miji midogo, sharti la kuacha sehemu ya wazi nyuma ya nyumba liheshimiwe na lisimamiwe, lisibaki maandishi ya kujaza faili. Pili, kila panapojengwa nyumba za ghorofa, patengwe ardhi ya pamoja kwa ajili ya bustani, kwa kuanikia, kwa watoto kucheza na kwa wazee kukaa. Miti ipandwe hapo iwe ya kula: mwembe, mshelisheli, mnazi na mlimau hutoa kivuli sawasawa na miti ya mapambo, na matunda yake hayaagizwi kwa meli. Tatu, visima vya zamani vilivyo salama visifukiwe kwa haraka. Vifunikwe, vitunzwe na maji yake yapimwe, kwani hakuna ajuaye siku ambayo bomba litanyamaza tena. Nne, ofisa anapokwenda kuondoa baraza kwa sababu ya kupanua njia, akumbuke kwamba anaondoa skuli, mahakama ya usuluhishi na nyumba ya starehe kwa pigo moja. Ikiwa hapana budi iondolewe, basi aonyeshe mahali itakapojengwa nyingine.

Afya nayo isipuuzwe. Kuku wanaozagaa barabarani na taka zilizolundikwa uani huleta maradhi, na bwana afya anayekataza hayo anatenda wajibu wake. Lakini baina ya kukataza na kuelekeza pana njia ndefu. Anayefundishwa kujenga banda safi atabaki na mayai yake. Anayepigwa faini pekee atabaki na hasira.

Wananchi wenzetu nao wana fungu lao la lawama. Wako miongoni mwetu waonao haya kuonekana na jembe mjini, kana kwamba tuta la bamia ni dalili ya dhiki. Wako wanaomwaga saruji uani kote kwa sababu jirani kafanya hivyo. Na liko jambo ambalo wanaume hatupendi kuambiwa: katika nyumba nyingi kazi yote ya uani, tangu kuteka maji hadi kufagia, iko mikononi mwa mama na watoto wa kike, nasi tunatoka barazani kuja kuketi mbele ya sahani. Uani ukiwa raha ya wote, kazi yake nayo na iwe ya wote. Mtoto wa kiume akipewa tuta lake la kumwagilia hatapungukiwa na heshima yoyote, na huenda akaongezewa akili.

Tunapenda pia tueleweke vizuri katika jambo moja. Kujitegemea tunakokusifu hapa hakumwondolei mtu yeyote wa Serikali wajibu wake. Mchicha hautibu malaria, kisima hakisomeshi, na baraza haiwezi kumfikisha mzazi mwenye uchungu hospitali usiku wa manane. Ofisa atakayeisoma makala hii akajiambia kwamba wananchi wanajimudu wenyewe, hivyo hawahitaji kitu, atakuwa ameisoma kichwa chini. Familia inayojimudu kwa madogo ndiyo inayopata nguvu ya kushirikiana na Serikali katika makubwa, na ndiyo yenye haki ya kuyadai bila ya kuinamisha uso.

Tumalizie pale tulipoanzia, uani. Mnazi uliopandwa leo huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuangusha nazi yake ya kwanza, lakini kuukata huchukua muda wa asubuhi moja. Ramani ya mji nayo ni hivyo hivyo: kalamu ikishapita juu ya uani, haifutiki upesi. Twawaomba wenye kalamu na wenye mapanga wakumbuke hayo kabla ya kuinua mkono. Na kwa wale ambao bado wana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba zao, hata kiwe cha mkeka mmoja, rai yetu ni fupi: mvua za masika zikianza, pandeni.