Ukaguzi Ujao Baada ya Rangi

Twaambiwa mara nyingi ya kuwa ujenzi wa shule fulani umekaguliwa, nao umeonekana kuwa mwema. Sisi walimu twauliza neno moja: ulikaguliwa siku gani? Maana jengo lina siri zake, na siri hizo hufunikwa moja baada ya moja. Msingi hufunikwa na udongo, nondo hufunikwa na zege, tofali hufunikwa na lipu, na mwisho huja rangi ikafunika yote. Mkaguzi afikaye siku ya rangi amekagua rangi.

Wasomaji wetu wajua ya kuwa fedha zilizoingia katika shule za umma za Tanzania miaka hii si haba. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 hivi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa sehemu ya fedha hizo yakajengwa madarasa 15,000, yaani 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila darasa kwa shilingi milioni 20. Hatuibezi kazi hiyo. Watoto waliosomea chini ya mwembe wamepata paa. Lakini fedha ile ni mkopo, na watakaoulipa ni watoto hao hao wakiisha kuwa wakubwa. Yafaa basi kuta zidumu kuliko deni.

Tena, milioni 20 zilikuwa zile zile mahali pote. Mfuko wa saruji uliosafiri mpaka kijiji cha ndani cha Kigoma au Rukwa hauuzwi kwa bei ya Dar es Salaam, karibu na kiwanda cha Wazo. Pengo hilo hujazwa na nani? Fundi hulijaza kwa mchanga.

Utaratibu wa kujenga kwa mafundi wa kwetu pasipo mkandarasi, uitwao fosi akaunti, umeweka katika shule kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ni utaratibu mzuri kwa karatasi. Lakini mwalimu mkuu, aliyefunzwa hesabu na sarufi, ndiye aliyeachiwa kusimamia zege, naye mhandisi wa halmashauri ana shule nyingi na gari moja. Wakaguzi wa hesabu wakija hutaka risiti. Risiti ya mifuko mia yaweza kuwa ya kweli kabisa, wala isiseme kama mifuko hiyo iliingia ukutani ama ilitoka usiku kwa mlango wa nyuma.

Na liko jambo lisilo na risiti kabisa, nalo ni maji. Zege likiisha kumwagwa lataka kuloweshwa siku 7 kwa uchache, ama sivyo halipati nguvu yake, hata saruji ikiwa tele. Maji hayo huchotwa na nani? Na mama zetu, kwa ndoo kichwani, pengine mwendo wa saa nzima. Madarasa yale ya 2021 yaliagizwa yawe tayari kabla ya wanafunzi kuingia Januari 2022, na haraka ya namna hiyo haingoji siku 7. Lenta ikimwagwa Jumatatu, Jumatano tofali zimepandishwa juu yake. Katika taarifa twaona asilimia ya ujenzi na picha ya bati linalong'aa. Siku za maji hatuzioni zimeandikwa popote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi twajenga ukuta na ufa wake ndani.

Wako wasemao mwanakijiji hajui uhandisi, aache wenye elimu. Maneno haya twayakataa. Mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe ajua kuhesabu ndoo za mchanga kwa mfuko, ajua kutazama timazi, na tofali baya hulijua likimomonyoka mkononi. Asilolijua ni bei na idadi, kwa kuwa amefichwa. Akiuliza huambiwa apinga maendeleo, naye hunyamaza, akachangia mawe yake na kwenda zake.

Basi twataka hesabu zibandikwe shuleni mahali pa wazi: mifuko mingapi imeingia, mingapi imetumika, na siku gani zege lilimwagiwa maji. Twataka mhandisi atie sahihi msingini kabla ya kufukia, na penye nondo kabla ya zege. Asipofika, kazi isimame, hata kama aliye juu ana haraka. Katika kamati ya mapokezi wawemo mama wawili wachotao maji ya ujenzi. Na sehemu ya ujira wa fundi isilipwe mpaka mvua za masika zimelipiga jengo, nasi tumeingia ndani na kuzitazama kuta.