Muhuri wa mwenyekiti hauwalindii shamba

Ukitafuta shamba pembezoni mwa Katoro, mkoani Geita, madalali watakuambia neno lile lile: "Huku ni kijijini bwana, mipango ni mambo ya mjini." Kwa imani hiyo vijana wenye nia njema kabisa, wanaotaka kuanzisha kijiji cha ikolojia chenye nyumba za udongo, mizinga ya nyuki na miti ya matunda, hununua ekari ishirini kwa karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Majina mawili, dole gumba, mpaka "kuanzia minyaa hadi kwenye mwembe", na muhuri wa mwenyekiti wa kijiji pembeni. Wanaikunja, wanaanza kuchimba mashimo ya miche.

Imani hiyo ni ya uongo, na wa kwanza kuumia ni hao hao wapenda miti.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999, mwenyekiti peke yake hana ardhi ya kumpa mtu. Kuuziana kunataka kibali cha halmashauri ya kijiji. Na halmashauri yenyewe haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Kisha iko Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Namba 6 ya 2007, na hiyo inagusa vijiji waziwazi: wanakijiji hupanga wapi makazi, wapi mashamba, wapi malisho, wapi msitu. Ukijenga kwenye malisho, usimlaumu mchungaji ng'ombe wakila miche yako. Na mita 60 kutoka chanzo cha maji haziguswi, hata kwa bustani ya mboga isiyotiwa dawa.

Huku kwenye dhahabu uzembe huo ni hatari zaidi. Duara, yaani shimo la wachimbaji, likitema dhahabu, karasha la kusaga mawe hufika, kisha mwalo wa kuoshea, kisha zebaki jirani na kisima chenu. Sitawadanganya: mpango wa matumizi ya ardhi hauzuii leseni ya uchimbaji, kwa kuwa madini ni mali ya taifa hata yakiwa chini ya mihogo yako. Ila mwenye hati ya hakimiliki ya kimila ana pa kusimama fidia inapojadiliwa. Mwenye karatasi ya daftari anabembeleza.

Wengine husema mipango ni ya kigeni. Lakini Wasukuma walitenga ngitili, malisho yasiyoingiliwa hadi kiangazi, kabla ya ofisi yoyote ya ardhi, na mpango wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 ulirudisha uoto kwa kuufuata utaratibu huo huo.

Basi, kabla ya dalali, muoneni mtendaji wa kijiji. Ombeni ramani ya matumizi ya ardhi. Ulizeni kama mji wa Katoro unaelekea huko, maana eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, shamba hukatwa viwanja. Kama ramani haipo, changeni fedha kijiji kiandaliwe mpango wake, nanyi mkae mkutanoni mseme mnachokitaka mbele ya wenyeji. Miche isubiri kwenye viriba.