MKALISHENI, MSIMLAZE

Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya watoto ambao hatuwaoni kanisani siku ya Jumapili, wala chini ya mwembe wanapocheza wenzao, ingawa wamo katika vigango vyetu vingi. Ni watoto wenye mtindio wa ubongo. Wengi wao wako chumba cha ndani, wamelazwa juu ya mkeka, na mlango umerudishiwa.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mama mmoja alimleta wodini mtoto wake wa miaka minne, mwepesi kama mtoto wa mwaka mmoja, akipumua kwa shida. Ilikuwa nimonia. Tulimtibu, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Mwaka huo huo alirudi tena na nimonia, tukamtibu tena. Aliporudi mara ya tatu, mmoja wetu alisimama karibu na kitanda saa ya chakula, akatazama. Mama alimlaza mtoto chali mapajani, kichwa kikaangukia nyuma, akammiminia uji mwepesi kinywani. Mtoto alikohoa, macho yakajaa machozi, na pumzi ikaanza kukoroma. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba uji ulikuwa unaingia mapafuni.

Mara mbili tulitibu mapafu bila kumwuliza mama jinsi anavyomlisha mwanawe. Mama hakuwa na kosa, maana ndivyo alivyoona watoto wakilishwa tangu utoto wake, na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Kosa lilikuwa letu sisi wauguzi. Tangu siku hiyo, kila mzazi wa mtoto wa namna hii tunamwambia neno hili kabla ya mengine yote: mkalisheni, msimlaze.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Ni ulemavu unaotokana na ubongo wa mtoto kuumia ungali unakua: akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya uhai wake. Sababu ni nyingi. Kuna kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga, homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Ndiyo maana hatuchoki kuwahimiza akina mama wajifungulie kituoni, na mtoto mwenye umanjano au homa kali aletwe siku hiyo hiyo.

Mwaka 1861 daktari Mwingereza William John Little aliwaeleza madaktari wenzake kwamba uzazi mgumu unaweza kuleta ulemavu wa namna hii. Miaka zaidi ya 160 imepita, na bado tunasikia watu wakisema mtoto amerogwa, au wazazi wanalipa dhambi zao. Si kweli. Si laana, si adhabu, wala hauambukizi.

Jeraha la ubongo lenyewe haliponi, lakini pia haliongezeki. Kinachozidi kuharibika ni mwili usiotunzwa: misuli hukakamaa, viungo hujikunja, nyonga huteguka, mgongo hupinda. Tunazijua familia zilizouza mbuzi, nyingine hata kipande cha shamba, zikizunguka huku na huko kutafuta dawa ya kumponya mtoto. Hatuwalaumu, maana mzazi anayempenda mwanawe hawezi kutulia. Lakini maoni yetu ni kwamba fedha ya kwanza na nguvu ya kwanza zingekwenda kwenye kiti. Dawa zina nafasi yake, hasa kwa mtoto mwenye kifafa, na hizo zisikatishwe ghafla hata akionekana hajambo.

Kiti na namna ya kulisha

Kiti hiki fundi seremala wa kijijini anaweza kukitengeneza. Kiegemeo kiwe wima, kiti kiwe na kina cha kutosha mapaja, na chini pawe na ubao wa kukanyagia ili miguu isining'inie. Nyonga na magoti yapinde vizuri, kama mtu aliyekaa mezani. Mkanda wa kitambaa upite chini juu ya nyonga, usimbane tumbo. Mbele kuwe na meza ndogo ya kuwekea mikono. Huko Zimbabwe walianzisha utaratibu wa kutengeneza viti vya watoto hawa kwa maboksi ya makaratasi yaliyogandishwa kwa gundi ya unga, na viti hivyo hubeba mtoto vizuri. Mahali pasipo na kiti, hata pembe ya kuta mbili, pamoja na mito, yaweza kusaidia kwa kuanzia. Baada ya nusu saa hivi tubadilishe mkao wake, maana kumwacha kitini kutwa nzima nako humwumiza.

Wakati wa kula, mtoto akae wima, kichwa kielekee mbele kidogo na kidevu kishuke kidogo. Anayemlisha akae mbele yake, macho kwa macho, asisimame juu yake. Uji uwe mzito kiasi, maana uji mwepesi na maji hukimbilia kwenye koo la hewa upesi. Kijiko kiwe kidogo, na tungoje ameze kabla ya kumpa kingine. Asizibwe pua wala kulazimishwa. Akimaliza, abaki amekaa kwa nusu saa. Akikohoa kila mlo, akikoroma baada ya kula, au uzito ukipungua, mleteni hospitali, na mtuonyeshe mnavyomlisha.

Aliyekaa huona watu

Kukaa hakulindi mapafu peke yake. Mtoto aliyelala chali huona paa tu. Mtoto aliyekaa huona mama anavyochambua mboga, dada anavyosoma, kuku wanavyofukuzana uani, na wote wanaopita humsemesha. Huko ndiko kujifunza.

Huko Dublin, Ayalandi, mwaka 1932 alizaliwa Christy Brown, katika familia maskini ya Kikatoliki yenye watoto wengi, baba yake akiwa mwashi. Alikuwa na mtindio wa ubongo, na watu wengi walimwona hana akili. Mama yake alikataa kumtenga, akamweka pamoja na ndugu zake. Akiwa na umri wa miaka mitano, jikoni, alimwona dada yake akiandika kwa chaki, akaichukua chaki ile kwa mguu wa kushoto. Mama yake akamfundisha herufi. Mtoto yule akawa mchoraji na mwandishi, na mwaka 1954 kitabu cha maisha yake, "My Left Foot", kilitolewa. Tunajiuliza, kama angefungiwa chumba cha ndani, chaki ile angeiona wapi?

Si kila mtoto atakuwa mwandishi, na wapo wenye upungufu mkubwa wa akili. Lakini tusidhani kwamba asiyeweza kusema haelewi. Takwimu za nchi zinazowaandikisha watu hawa, kama Australia, zinaonyesha kwamba karibu nusu yao hawana upungufu wa akili. Aulizwe, "Unataka maji au uji?" Kisha tungoje ajibu, hata kwa macho au kwa tabasamu.

Mama asiachiwe peke yake

Wapo watakaosema, "Mama ana shamba, ana maji ya kuteka, ana watoto wengine. Muda wa kulisha kijiko kwa kijiko atautoa wapi?" Wanasema kweli. Mlo mmoja waweza kuchukua saa nzima. Mzigo huu ni mzito mno kwa mtu mmoja, na tumewaona akina baba walioondoka nyumbani kwa sababu yake. Baba, mtoto huyu ni wako pia. Jifunze kumlisha. Kaka na dada zake, nyanya na shangazi, wote wafundishwe. Jumuiya ndogo ndogo inayokusanya mchango wa msiba haishindwi kununua mbao za kiti kimoja. Na jirani anayeweza kushika zamu ya mlo mmoja kwa juma atakuwa amempumzisha mama kuliko anayekuja kumpa pole.

Tukumbuke pia kwamba watoto hawa hukua. Mtoto wa kubebwa mgongoni hufika miaka 15, na mgongo wa mama hauwezi tena. Atahitaji kiti cha magurudumu, msaada na faragha wakati wa hedhi, na ulinzi dhidi ya watu waovu wanaojua kwamba hawezi kupiga kelele. Atahitaji shule. Hapa Tanzania elimumsingi ya serikali haina ada tangu mwaka 2016, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama wengine. Mwalimu mkuu akisita, mzazi asiende peke yake. Afuatane na mwenyekiti wa kijiji au viongozi wa jumuiya.

Mtoto yule wa nimonia sasa anakaa kwenye kiti alichotengenezewa na mjomba wake. Hatembei wala hasemi, lakini mwaka uliofuata hakulazwa hata mara moja. Mama yake alipomleta kliniki kupimwa uzito, alituambia kwamba siku hizi kitu kinachomchekesha sana ni jogoo wa jirani, ambaye hapo zamani alikuwa akimsikia tu.

Basi, kama nyumbani kwenu au kwa jirani yupo mtoto aliyelazwa ndani, Jumapili hii baada ya Misa mpitieni. Mwulizeni mama anamlisha vipi, kisha mleteni kwetu pamoja na mtoto. Safari hii tutauliza.